Nani Ashike Funguo za Uwanja?

Alasiri ya tarehe 8 Machi 2025 ilimkuta mwandishi wa makala hii katika kata ya Ipililo, mkoani Simiyu, ameketi uani kwa mzee mmoja mkulima wa pamba. Pamba ilikuwa imeanza kufunga vitumba, na kazi ya siku ilikuwa imekwisha. Vijana kwa wazee walikuwa wameizunguka redio, kwani jioni ile Yanga na Simba walikuwa wakutane mjini Dar es Salaam katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Badala ya mpira likaja tangazo kwamba mchezo umeahirishwa. Simba walisema kuwa usiku uliotangulia walikwenda uwanjani kufanya mazoezi, kama kanuni za ligi zinavyowaruhusu wageni, wakazuiwa kuingia. Na kwa sababu hiyo hawatacheza.

Vijana wakagawanyika papo hapo, hawa wakiwalaumu Yanga na wale wakiwalaumu Simba. Mzee alinyamaza mpaka kelele zilipopungua, kisha akanigeukia.

“Mwanangu, uwanja ule ni wa Yanga?”

“La, mzee, si wa Yanga.”

“Basi ni wa Simba.”

“La, mzee. Ni wa Serikali. Yaani ni wako wewe na mimi.”

“Kama ni wangu mimi,” akasema, “niambie funguo nimemkabidhi nani.”

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la neno moja. Nilimtajia wizara, na bodi ya ligi, na shirikisho, na klabu mwenyeji, na walinzi wa mlangoni. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba nyumba yenye wenyewe wengi hivyo haikosi kulala wazi.

Ndugu wasomaji, leo hatukusudii kuamua ugomvi wa Yanga na Simba. Mchezo wenyewe ulichezwa hatimaye tarehe 25 Juni 2025, Yanga wakashinda mabao 2 kwa 0, na magazeti ya michezo yamekwisha kulijadili jambo hilo kwa kirefu. Sisi twalichukua swali la mzee wa Ipililo. Uwanja mkubwa wa taifa na mahali pengine pa mikusanyiko mikubwa pawekwe mkononi mwa mtu wa namna gani, naye apatikane kwa njia ipi?

MALI YA MAMILIONI

Yafaa kwanza tujue twazungumza juu ya mali gani. Uwanja huo wa watu 60,000 ulijengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, ukaanza kutumika mwaka 2007, na mwaka 2020 ukapewa jina la Rais Mstaafu Benjamin Mkapa baada ya kifo chake. Pembeni yake uko uwanja mkongwe, ambao sasa waitwa Uwanja wa Uhuru, na ambako usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya mkoloni iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Hapo ndipo mahali ambapo taifa hushangilia na ambapo hulia.

Mkulima wa Ipililo pengine hatafika huko maishani mwake. Lakini kila anaponunua sukari, sabuni na mafuta ya taa hulipa kodi, na sehemu ya kodi hiyo humwagilia nyasi za uwanja ule na kuwasha taa zake. Kwa hiyo yeye ni mwenye mali, na mwenye mali ana haki ya kuuliza habari za mali yake. Wazee wetu walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Na habari zenyewe kwa miaka ya karibuni hazikuwa njema zote. Tarehe 30 Aprili 2023, Yanga walipokuwa wakicheza na Rivers United ya Nigeria katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, taa zilizimika na mchezo ukasimama, huku Afrika nzima ikitazama. Tarehe 15 Desemba 2024, baada ya Simba kucheza na CS Sfaxien ya Tunisia, ghasia zilizuka na viti vingi vikang'olewa na kuvunjwa. Mwezi Machi 2025 Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, yaani CAF, liliufungia uwanja kwa muda kwa sababu ya hali ya nyasi zake. Na Simba walipofika fainali ya kombe lile lile, mchezo wa marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco, tarehe 25 Mei 2025, haukuchezwa Dar es Salaam. Ulihamishiwa Uwanja wa Amaan, Unguja, ambao watazamaji wake hawafikii hata nusu ya wale wa Mkapa. Simba walitoka sare ya bao 1 kwa 1, na kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3 kwa 1.

Hatusemi kwamba nyasi ndizo zilizowanyima Simba kombe. Ndugu zetu wa Unguja walitupokea vizuri, nao wanastahili shukrani. Twasema tu kwamba taifa lenye uwanja wa watu 60,000 halikuweza kuutumia siku lilipouhitaji kuliko siku zote.

Liko jambo zito kuliko nyasi na taa. Tarehe 21 Machi 2021 wananchi walifurika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais John Magufuli. Msongamano ule, kwa kauli ya polisi, uliwaua watu 45. Walikwenda kulia msiba, nao wakaacha misiba majumbani mwao. Tukilikumbuka hilo, hatuwezi tena kusema kwamba usimamizi wa uwanja ni jambo la mchezo. Anayeamua ni mlango upi ufunguliwe, saa ngapi, na watu wangapi wapite, ameshika roho za watu.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Wako watu wadhanio kwamba meneja wa uwanja ni mlinzi mwenye ofisi, ambaye kazi yake ni kufungua geti, kupokea wageni na kukaa karibu na jukwaa la wakubwa. Laiti ingekuwa hivyo! Ebu tuitazame kazi yenyewe.

Kwanza, nyasi ni kiumbe hai. Huhitaji maji, mbolea, kukatwa kwa kipimo na, zaidi ya yote, kupumzika. Uwanja mmoja ukitumiwa na klabu mbili kubwa, na timu ya Taifa, na matamasha ya klabu, na mikutano, na muziki, lazima awepo mtu wa kusema: wiki hii hapana. Mtu huyo lazima awe na madaraka ya kulisema neno hilo hata kwa mkubwa, la sivyo nyasi zitakufa, na atalaumiwa yeye.

Pili, mitambo. Jenereta ya akiba lazima ijaribiwe mara kwa mara, maana mtambo usiojaribiwa ni pambo tu. Hali kadhalika pampu za maji, vyoo, kamera na vipaza sauti.

Tatu, watu. Ni lazima ijulikane kila dakika wangapi wameingia, wangapi wangali nje, na kila mlango waweza kutoa watu wangapi hatari ikizuka. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1975 iliweka utaratibu wa viwanja vikubwa kupewa cheti cha usalama kinachotaja idadi ya watazamaji wanaoruhusiwa. Hata hivyo, tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, watu walisongamana na 97 wakapoteza maisha. Baada ya hapo Waingereza waliandika upya kanuni zao za usalama. Funzo ni kwamba cheti ukutani hakitoshi. Lazima pawe na mtu mwenye ujuzi anayekitekeleza.

Nne, fedha. Uwanja unaokaa kimya siku nyingi za mwaka hula fedha tu. Msimamizi mwema hutafuta shughuli za kuujaza bila kuuharibu, hupanga bei, hukusanya kodi, na huweka akiba ya matengenezo kabla kitu hakijavunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, Ndugu, mtu atakayefanya hayo yote ni fundi wa kazi maalumu kama alivyo nahodha wa meli au mganga mkuu wa hospitali. Hatumkabidhi mtu meli kwa sababu ni mchangamfu, au kwa sababu aliwahi kuwa mchezaji hodari. Kwa nini tufanye hivyo kwa uwanja?

MIFANO YA KARIBU

Mfano wa kwanza uko hapa hapa nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, iliacha majengo makubwa mjini Arusha. Mwaka 1978 Serikali iliunda shirika la kuyaendesha, ndilo Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha. Likapewa bodi, mkurugenzi, na hesabu zake lenyewe. Shirika hilo lilipangisha ofisi, likaandaa mikutano, na tangu mwaka 1995 hadi 2015 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilifanyia kazi humo. Baadaye likakabidhiwa pia ukumbi mkubwa wa Julius Nyerere mjini Dar es Salaam. Ukiuliza funguo za ukumbi ule ziko kwa nani, jibu lipo. Uwanja wa Mkapa kwa miaka mingi umeendeshwa na wizara yenye dhamana ya michezo, chini ya meneja ambaye juu yake wako wakubwa wengi wa kumwamuru. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Mfano wa pili ni wa jirani. Kenya ilitunga Sheria ya Michezo mwaka 2013, ikaunda taasisi ya Sports Kenya, yenye bodi na mkurugenzi mkuu, kusimamia viwanja vya taifa kama Kasarani na Nyayo. Hiyo ni hatua ya mbele. Lakini tusidhani kwamba taasisi peke yake ni dawa. Mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania, watu waliingia Kasarani kwa nguvu bila tiketi, na CAF ikapunguza idadi ya watazamaji wa Kenya. Sheria hujenga nyumba, lakini anayeilinda usiku ni mtu.

Na haki ituongoze kusema mema pia. Mashindano hayo hayo yalifunguliwa tarehe 2 Agosti 2025 katika Uwanja wa Mkapa, baada ya ukarabati mkubwa, na Taifa Stars wakawashinda Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Nyasi zile zile zilizofungiwa mwezi Machi zikachezewa mwezi Agosti. Maana yake ni kwamba tunaweza tukiamua. Kasoro yetu ni kwamba twaamua wageni wanapokaribia, kama mwenye nyumba afagiaye ua siku ya harusi peke yake.

MIZANI YA PAMBA

Wakulima wa Usukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili na watu wa mjini. Zamani mkulima alipeleka pamba yake kwa mchuuzi, na mizani ikawa mkononi mwa mchuuzi yule yule aliyenunua. Mkulima hakujua kama kilo zake zilisomwa kwa haki. Wakulima hawakuishia kunung'unika. Waliungana, wakadai mizani isisimamiwe na mnunuzi peke yake, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Siri ya nguvu yao ilikuwa hii: walielewa kwamba haki ya mkulima imo mkononi mwa yule asomaye mizani. Kwa hiyo hawakumtaka tu mtu mpole. Walimtaka mtu ajuaye kusoma na asiyehongeka.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili, nao hatuufichi. Vyama vilikua upesi kuliko watendaji wake. Mwaka 1966 tume maalumu ya Rais ilivichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta upungufu wa watu wenye ujuzi na, mahali pengine, ukosefu wa uaminifu. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa. Wakulima waliojenga chombo kwa jasho lao walikiona kikizama kwa sababu usukani ulishikwa na wasiojua au wasiojali. Husemwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Nasi tusibishane na wazee. Lakini achaguaye mtu wa kushika jembe la watu wote, huyo na achague sana!

APATIKANEJE?

Sasa tuseme waziwazi tunalolitaka.

Kazi ya kuongoza viwanja vikubwa na itangazwe hadharani, katika magazeti na redio, ili Mtanzania yeyote mwenye ujuzi, mwanamume au mwanamke, aliye nchini au ng'ambo, aweze kuiomba. Sifa zitajwe kabla majina hayajajulikana, wala zisitungwe baadaye ili zimfae mtu aliyekwisha chaguliwa. Wanaomhoji wawemo mhandisi, mhasibu, mtu wa usalama wa umma na mtu wa michezo. Maswali yawe ya kazi: taa zikizimika dakika ya 30 utafanya nini? Watu 60,000 wamekwisha ingia na 10,000 wangali nje wanasukuma geti, utatoa amri gani, kwa nani?

Akipatikana, apewe mkataba wa miaka inayojulikana na malengo yanayopimika. Apewe pia mambo mawili ambayo bila hayo malengo ni dhihaka, yaani madaraka na fungu la fedha. Tukimwondoa meneja mmoja na kumweka mwingine, huku yule mpya naye hana ruhusa ya kununua hata mafuta ya jenereta bila barua kupita meza tano, tutakuwa tumebadili jina mlangoni tu. Na kila mwaka hesabu za uwanja zichapishwe, ili hata mkulima wa Ipililo asomewe ni siku ngapi uwanja ulitumika, ulipata nini, na ulitumia nini.

Sifa moja zaidi haiandikwi katika vyeti. Kiongozi huyo awe mtu wa kuwasikiliza wafanyakazi wake. Mkata nyasi ndiye wa kwanza kuona udongo unakauka. Fundi umeme ndiye wa kwanza kusikia mlio mbaya wa mtambo. Mlinzi wa geti ndiye ajuaye ni mlango upi hubana watu wanapotoka. Mkubwa asiyewahi kuketi na watu hao atapata habari za uwanja wake siku ile ile ambayo dunia nzima inazipata.

Watakuwapo watakaosema: haya ni mambo ya kizungu, sisi twajuana, na mteuliwa anayeaminika ni bora kuliko mgeni mwenye vyeti. Twawajibu kwamba uaminifu ni lazima, lakini si badala ya ujuzi. Dereva mwaminifu asiyejua gari atatuua kwa uaminifu. Na aliyeteuliwa kwa kujuana hawezi kumkatalia aliyemteua, naye tumekwisha ona kwamba neno kubwa katika kazi hii ni “hapana.”

NA VIWANJA VYA CHAMA JE?

Hatuwezi kuyasema haya kwa Serikali tukajisamehe wenyewe. Chama kinamiliki viwanja vingi mikoani: Kirumba mjini Mwanza, Kambarage mjini Shinyanga, Ali Hassan Mwinyi mjini Tabora, Sokoine mjini Mbeya, na vingine. Vingi ni urithi wa enzi za chama kimoja, wananchi walipochanga fedha na nguvu zao bila kuulizana kadi. Baadhi yake vimewahi kufungiwa na wasimamizi wa ligi kwa sababu ya ubovu. Mwanachama akituuliza funguo za Kirumba ziko kwa nani, naye kachaguliwa kwa sifa zipi, yatupasa tuwe na jibu zuri kuliko lile nililompa mzee wangu. Anayetaka kumsafisha jirani, na anawe uso kwanza.

Wakati wenyewe hautungoji. Tarehe 27 Septemba 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa kwa pamoja dhamana ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na kwa ajili ya fainali hizo Arusha nayo ilianza kujengewa uwanja wa watu 30,000. Kujenga ni kazi ya miaka miwili au mitatu. Kutunza ni kazi ya miaka hamsini. Saruji yaweza kununuliwa kwa mkopo, lakini msimamizi mwema lazima atafutwe mapema na kwa haki, tena afundishwe na kulindwa.

Nilipoaga Ipililo, yule mzee alinisindikiza hadi barabarani. Tulipita penye kiwanja cha wazi, ambapo baada ya mavuno Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na watu huenda upande unaowavuta. Aliyeachwa peke yake ameshindwa. Nikamuuliza manju wa ngoma hupatikanaje.

“Hatumteui sisi,” akasema. “Husimama mbele ya watu akaimba, akatunga, akacheza. Ajuaye huonekana. Mtoto wa mtemi asiyejua kuimba, watu humwacha kiwanjani na vumbi lake.”

Ndugu wanachama na wafanyakazi, kiwanja kile cha vumbi hakina geti wala taa, lakini kina utaratibu ambao Dar es Salaam bado yautafuta. Wanaotaka funguo za viwanja vyetu na wasimame mbele ya watu, waonyeshe wajualo. Kisha tumkabidhi mmoja, tumpe nguvu, na tumdai hesabu. Siku hiyo mzee wa Ipililo akiuliza tena, atatajiwa jina moja.